Jinsi ya kuivunja namba kubwa kwa kalamu na kikaratasi: tunaitumia 61,741,120 ya sensa

Juzi kijiweni kwenye kahawa mada ilikuwa barabara, ikahamia kwenye foleni, ikaishia kwenye wingi wa watu, afu jamaa mmoja akasema ile namba ya sensa, 61,741,120, imekaa kaa tu, ukishatoa ile sifuri ya mwisho haigawanyiki kwa kitu cha maana. Nikamwambia kaka hapo umechemka. Nikaazima kalamu kwa muuza kahawa, nikageuza risiti upande wa nyuma, na kikombe cha pili hakijapoa namba ilikuwa imeshavunjika yote. Wakaniuliza nimefanyaje, kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua, na ukizishika hizi utavunja namba nyingi za tarakimu saba nane bila programu yoyote, kalkuleta ya simu inatosha na hata hiyo utaigusa kidogo tu.

Namba yenyewe sijaitunga. Ni watu waliohesabiwa Tanzania kwenye sensa ya 23 Agosti 2022: Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773, jumlisha mwenyewe uone.

Tukumbushane maneno maana wengine shule tuliiacha zamani. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza kitu. Namba tasa ni yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, yaani 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea (1 si tasa, tusibishane hapo). Kuvunja namba ni kuiandika kama zao la namba tasa tupu, na raha yake ni kwamba jibu ni moja, wewe uanzie kwa vidogo mi nianzie kwa vikubwa, tutakutana palepale.

Hatua ya 1: Inakili, afu ipige muhuri

Watu wanairuka hii. Mi nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi na kosa linalonisumbua kila mwezi ni kupindua tarakimu mbili zilizokaa jirani, na hata hii namba mara ya kwanza niliiandika 61,714,120, yaani 41 imekuwa 14, nikamaliza jioni nzima navunja idadi ya watu wa nchi ambayo haipo.

Dawa ni kuchukua jumla mbili na kuziandika pembeni. Ya kwanza, jumlisha tarakimu zote: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22. Ya pili, anza kulia, jumlisha moja toa inayofuata mpaka mwisho: 0−2+1−1+4−7+1−6 = −10. Huo ndo muhuri wa namba yako, 22 na −10.

Kwa nini mbili? Kwa sababu ya kwanza haioni upinduaji. Ile namba yangu ya makosa nayo inatoa 22 vilevile, tarakimu ni zilezile zimebadilishana viti tu. Ya pili ndo inakamata, inatoa −16 badala ya −10. Na hapohapo kuna siri ya wahasibu, vitabu visipobalansi chukua tofauti, ikigawanyika kwa 9 kitu cha kwanza kutafuta ni tarakimu zilizopinduliwa. Angalia: 61,741,120 toa 61,714,120 ni 27,000, ambayo ni 9 mara 3,000. Hii imeshaniokoa siku nyingi za kufunga mwezi.

Hatua ya 2: Soma mkia

Usianze kugawa gawa hovyo, anza mwisho wa namba kwa sababu mkia unasema mengi bure. Inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 zote zinaingia. Ila 5 inaingia mara ngapi? Tarakimu mbili za mwisho ni 20, 25 haiingii kwenye 20, kwa hiyo 5 ni moja tu, imeisha.

Kwa 2 kuna kanuni ambayo wengi tulifundishwa nusu. Tulifundishwa kwamba kwa 4 unaangalia tarakimu mbili za mwisho, wengine wakafika mpaka 8 kwa tarakimu tatu, halafu basi. Kumbe inaendelea tu: kwa 16 angalia nne, kwa 32 angalia tano, kwa 64 angalia sita, sababu 10 ina 2 moja ndani yake, 100 ina mbili, 1,000 ina tatu na kadhalika, kwa hiyo kila kilicho mbele ya hapo kinagawanyika chenyewe hakihitaji kuangaliwa. Twende sasa:

20 kwa 4, ndiyo.
120 kwa 8 ni 15, ndiyo.
1,120 kwa 16 ni 70, ndiyo.
41,120 kwa 32 ni 1,285, ndiyo.
741,120 kwa 64 ni 11,580, ndiyo.
1,741,120 kwa 128 inakuja 13,602 na nusu. Hapo imegoma.

Kwa hiyo 2 zimo sita, yaani 64. Toa 64 na ile 5, ambazo pamoja ni 320, namba yote igawe kwa 320: inabaki 192,941. Ona tulivyoipunguza, kutoka milioni sitini na moja mpaka laki moja na tisini na mbili na ushee, na hatujafanya mgawanyo mgumu hata mmoja.

Kanuni ya kutembea nayo ni hii, ukipata kigawo kitoe hapohapo uendelee na kilichobaki, usiirudie namba nzima. Nimeona watu wanapata 2, wanatiki, afu wanaenda kujaribu 3 kwenye namba ileile kubwa. Unajitesa bure.

Hatua ya 3: 3, 9 na 11 ulishazimaliza bila kujua

Zile jumla za muhuri. 22 haigawanyiki kwa 3, basi namba nzima haigawanyiki kwa 3, na kama 3 imekataa 9 usiiulize. −10 haigawanyiki kwa 11, basi 11 nayo nje. Tumemaliza.

Hatua ya 4: 7, 11 na 13 kwa mpigo

Hapa ndo pale ambapo kijiweni walinyamaza. 7 ina sifa mbaya shuleni, kila namba ina kaujanja kake isipokuwa 7, si ndo tulivyoambiwa? Sasa zidisha 7 × 11 × 13. Ni 1,001. Kwa sababu 1,001 ni elfu na moja juu, ukiikata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, pale pale tunapoweka mkato, halafu ukajumlisha na kutoa kwa zamu, unachopata kina tabia ileile ya namba nzima kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

192,941 ina vipande viwili, 941 na 192. 941 − 192 = 749. Sasa badala ya kuhangaika na laki unahangaika na 749: kwa 7 ni 107 kamili, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8. Kwa hiyo 7 ndani, 11 na 13 nje. Gawa: 192,941 ÷ 7 = 27,563.

Rudia na hiyo mpya, maana 7 inaweza kuwemo mara mbili. 563 − 27 = 536, haikubali 7 wala 11 wala 13. Safi.

Hatua ya 5: Jua pa kuishia kabla hujaanza

Sasa ujanja umeisha, kinachobaki ni kugawa kweli kweli, ila kuna mpaka. Kama 27,563 ina kigawo kikubwa basi lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo mdogo hawezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba. 166 × 166 ni 27,556, kwa hiyo kipeuo ni 166 na kidogo sana. Ukifika hapo hujapata kitu, namba ni tasa, kunja karatasi.

Ila linganisha na pale tulipoanzia. Kipeuo cha pili cha 61,741,120 ni 7,857 na ushee, na namba tasa ya elfu moja ni 7,919, maana yake kwa kugawa bila akili ungekuwa na orodha ya karibu namba tasa elfu moja za kujaribu. Sasa hivi mpaka wetu ni 166 na tumeshavuka 13.

Tunagawa:

17 inabaki 6
19 inabaki 13
23 inabaki 9
29 inabaki 13
31 inabaki 4
37 inabaki 35
41 inabaki 11
43... 43 × 641 = 27,563. Imeingia!

Ukitumia kalkuleta ya simu hapa usikubali tu ile desimali inayoonekana, zidisha kurudi nyuma, 43 mara 641, ndo uamini. Halafu andika mabaki yote hata ya zilizokataa, karatasi isiyo na mabaki ukikosea huwezi kujua ulikosea wapi.

Imebaki 641. Je ni tasa? Hapa hugawi tena kitu. Namba yoyote chini ya 43 iliyoshindwa kuigawa 27,563 haiwezi kukigawa kipande chake, na 43 × 43 ni 1,849 ambayo imeshaizidi 641. Kwa hiyo ni tasa, kwisha habari.

Jibu zima: 61,741,120 = 2 kipeo cha 6 × 5 × 7 × 43 × 641.

Kidogo kuhusu hiyo 641

Nilipoiona 641 imetokea chini ya risiti nilicheka peke yangu, wakadhani nimechanganyikiwa, lakini anayezipenda namba anaijua hii kama wengine wanavyojua jezi namba kumi. Karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliangalia namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Unazipata kwa kuchukua 2, halafu 4, 16, 256, 65,536, kila moja ni iliyotangulia ikizidishwa kwa yenyewe, kisha unaongeza 1. Zote tano ni tasa, akaamini kwamba ni hivyo milele. Inayofuata ni 4,294,967,297, na kwa kalamu ya manyoya nani angebisha?

Alibisha Leonhard Euler, 1732. Hakugawa kwa kila kitu, na somo la leo ndo hilohilo: alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha ile namba lazima kiwe 64 mara kitu fulani, ongeza 1. Ukifuata hiyo, namba tasa zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Na 641 × 6,700,417 inatoa 4,294,967,297 kamili. Ubashiri wa Fermat ukafa hapo, na namba iliyouua ndo hiyo imekaa kimya ndani ya sensa yetu. Bahati tu, haina maana nyingine, asije mtu akaanza kuniletea mambo ya nyota.

Hatua ya 6: Hakiki

Rudi kwenye muhuri. Jumla ilikuwa 22, ijumlishe tena, 4. Sasa kila kipande kifanyie hivyohivyo: 64 ni 10 ni 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 ni 7, 641 ni 11 ni 2. Zidisha kwa zamu ukipunguza njiani: 1 × 5 ni 5, mara 7 ni 35 yaani 8, mara 7 ni 56 yaani 11 yaani 2, mara 2 ni 4. Imekubali. Kumbuka kipimo hiki hakioni upinduaji kama tulivyosema, kwa hiyo kama jambo ni la pesa zidisha kabisa: 320 × 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120.

Hatua ya 7: Sasa iulize maswali

Ukishavunja namba karibu kila swali linajibika haraka, na ndo faida yenyewe.

Ina vigawo vingapi jumla? Chukua vipeo, kila kimoja ongeza 1, zidisha. Vipeo ni 6, 1, 1, 1, 1, kwa hiyo 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Yule jamaa aliyesema haigawanyiki kwa kitu cha maana, vigawo mia na kumi na mbili!

Ni mraba kamili? Hapana, vipeo vyote vingetakiwa viwe shufwa, na vinne hapo ni 1. Lakini swali zuri zaidi ni hili, tukitaka kuwapanga Watanzania wote kwenye gwaride la mstatili, mistari sawa na asibaki mtu pembeni, mstatili upi unakaribia mraba? Tafuta kigawo kilicho karibu zaidi na 7,857 bila kuuzidi. Cheza na vipande: 32 × 5 × 43 = 6,880, na vilivyobaki 2 × 7 × 641 = 8,974. Mistari 6,880, kila mmoja watu 8,974. Hakuna mstatili unaokaribia mraba kuliko huo, nimezipitia zote.

Jumla ya vigawo vyake inazidi namba yenyewe au inapungua? Kwa kila namba tasa jumlisha ngazi zake: kwa 2 ni 1+2+4+8+16+32+64 = 127, kwa 5 ni 6, kwa 7 ni 8, kwa 43 ni 44, kwa 641 ni 642. Zidisha zote, 172,199,808. Hapa kalkuleta ndogo ya tarakimu nane itakuandikia E, hiyo si mbovu, jibu lina tarakimu tisa, tumia simu. Toa namba yenyewe inabaki 110,458,688, imeizidi kwa mbali.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili? Hapana. Namba tasa ambayo ukiigawa kwa 4 inabaki 3, ikiwemo mara witiri, inaharibu kila kitu, na hapa zipo mbili, 7 na 43. Cha kuchekesha 641 peke yake inaweza: 25 × 25 ni 625, 4 × 4 ni 16.

La pembeni ambalo siwezi kuliacha

Angalia tarakimu nne za kwanza: 6174. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi zote nne zisiwe tarakimu ileile moja, zipange kubwa kwenda ndogo, toa mpangilio wa ndogo kwenda kubwa, rudia. Tuchukue mwaka wa sensa, 2022: 2220 − 0222 = 1998. 9981 − 1899 = 8082. 8820 − 0288 = 8532. 8532 − 2358 = 6174. Endelea sasa: 7641 − 1467 = 6174, imenasa haitoki tena. Na ni hivyo kwa zote, hazizidi hatua saba. Aliyeligundua ni mwalimu wa shule huko Devlali, India, anaitwa D. R. Kaprekar, mwaka 1949. Watoto wangu siku hizi wanalitumia kubetia nani aoshe vyombo.

Njia hii inagoma wapi

Mtu asidhani tatizo ni ukubwa. Moja yenye sifuri mia sita nyuma yake naivunja nimelala, ni 2 na 5 tupu. Kinachogomesha ni namba iliyotokana na namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa, hapo mkia hausemi kitu na kipeuo kiko mbali mno. Moja ya tarakimu 250, inaitwa RSA-250, ilivunjwa 2020 tu tena kwa kompyuta nyingi kwa pamoja, na za namna hiyo zenye tarakimu zaidi ya 600 bado zinatumika kulinda mawasiliano ya intaneti.

Zoezi

Tuwachukue majirani, Kenya, sensa ya Agosti 2019: 47,564,296. Mkia wa 296 unakubali 8, ila 4,296 inakataa 16, kwa hiyo gawa kwa 8 ubaki na 5,945,537. Vipande vya tatu tatu: 537 − 945 + 5 = −403, ambayo ni 13 × 31, kwa hiyo 13 imo, 7 na 11 hazimo. Endelea mwenyewe, utaikuta na 19 njiani, na mwisho utabaki na 24,071. Kipeuo chake ni 155 na kidogo, kwa hiyo panda mpaka 151 usipite hapo, na ukiona hakuna kilichoingia usifute karatasi ukadhani umekosea, hiyo ndo tasa yao. Halafu weka mvunjiko wa Kenya pembeni ya wetu utafute Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya darasa la sita: zinachangia 2 tatu tu, yaani 8.